Chuo chenye jina au chuo chenye deni dogo?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 19. Nimekubaliwa na vyuo vikuu viwili kusoma kozi ile ile, sayansi ya mazingira, ya miaka 4. Natakiwa nijibu kabla ya mwezi kwisha na nyumbani hatujaelewana.

Chuo cha kwanza kila mtu anakijua. Ukikitaja tu, watu wanakutazama kwa jicho jingine. Ada yake ni kubwa na hakijanipa ufadhili wowote. Nimepiga hesabu: nikisoma pale hadi mwisho nitakuwa nimekopa fedha zinazolingana na mshahara wa miaka 2 wa mtu anayeanza kazi katika fani yangu. Mkopo ni wa benki, riba ni asilimia 6 kwa mwaka, na inaanza kuhesabiwa nikiwa bado darasani. Nikimaliza nitalipa kwa miaka 10.

Chuo cha pili si maarufu. Kimenisamehe sehemu ya ada, na ningehitaji kukopa benki ile ile, kwa masharti yale yale, kiasi kisichozidi mshahara wa miezi 6.

Kwenye mambo ya shule anayesikilizwa kwetu ni mjomba, kwa kuwa baba na mama hawakufika hata sekondari. Mjomba anasema deni litaisha lakini jina la chuo litabaki. Amenionyesha kijitabu cha chuo cha kwanza kilichoandika kwamba wahitimu wake hupata kwa wastani mshahara uliozidi wa wahitimu wa chuo cha pili kwa nusu nzima. Kwa tofauti hiyo, anasema, deni litajilipa lenyewe. Mama amekubali kuwa mdhamini wangu benki. Hajauliza swali hata moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kuna jambo jingine. Kaka yangu aliacha chuo akiwa mwaka wa pili. Shahada hana, ila deni analo, na hadi leo analipa.

Naogopa deni, Shangazi, lakini naogopa pia kufika utu uzima nikijiuliza ningekuwa nani kama ningekwenda kule. Mjomba anasema woga wangu ndio utakaonirudisha nyuma. Je, ni kweli?

Mwanao niliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Muda wako ni mfupi, kwa hiyo jibu litangulie: kwa masharti uliyoyaandika, nenda chuo cha pili. Chuo cha kwanza kikishusha gharama hadi deni lako lote liwe chini ya mshahara wa mwaka mmoja, tuongee upya. Sasa nikueleze nimefikaje hapo, maana mjomba atakuuliza, na kumwambia tu kwamba Shangazi amesema hakutoshi.

Mjomba anakosea anapouita woga. Umekaa chini ukalipima deni kwa mishahara, jambo ambalo watu wazima wengi hawalifanyi kabla ya kutia sahihi. Ulibakiza hatua moja tu, ya kujua kila mwezi kitatoka kiasi gani mfukoni mwako, kwa sababu maisha baada ya chuo utayaishi mwezi kwa mwezi.

Tuihesabu. Chuo cha kwanza kinataka ukope mishahara 24, tuseme robo kila mwanzo wa mwaka wa masomo. Siku unapohitimu, robo ya kwanza itakuwa imebeba riba ya miaka 4, ya pili ya miaka 3, ya tatu ya miaka 2, ya nne ya mwaka 1. Hata kama benki haitozi riba juu ya riba, deni litakuwa limepanda kwa asilimia 15 kabla hujaandika barua ya kwanza ya kuomba kazi. Mishahara 24 imekuwa zaidi ya 27. Ukianza kulipa kwa miaka 10, kila mwezi itaondoka kama asilimia 31 ya mshahara wa kuanzia, tena kabla hujalipa kodi ya mapato, pango na nauli. Kwa chuo cha pili, hesabu hiyo hiyo inakupa chini ya asilimia 8.

Benki wanaweza kukuambia kwamba mzigo ukizidi watakuongezea muda hadi miaka 20. Makato yatashuka hadi kama asilimia 20, ni kweli. Lakini kwa miaka 10 ungekuwa umerudisha mishahara karibu 37, na kwa miaka 20 utarudisha zaidi ya 47, nawe ulikopa 24. Muda wa benki hununuliwa, na ni ghali.

Hapo sasa mjomba anapata haki yake. Kama kweli ungeanza kazi na mshahara uliozidi kwa nusu, ungebaki na fedha nyingi kuliko mwenzako wa chuo cha pili hata baada ya makato yale, na deni likiisha nyongeza yote ingekuwa yako. Hoja yake haina kasoro ya hesabu. Nimeitafuta ile nyongeza ambayo ingewafanya nyinyi wawili mbaki sawa katika miaka 10 ya kulipa, nikapata kama asilimia 23. Yaani chuo cha kwanza kinapaswa kukupa wewe, kwenye kozi yako, mshahara wa kuanzia uliozidi wa chuo cha pili kwa asilimia 23, ili tu usiwe na hali mbaya kuliko yeye. Kodi ikiingia, inahitajika zaidi. Kwa hiyo swali lenu la nyumbani lisiwe tena kama jina ni zuri. Liwe hili: ile nusu ya kijitabu ni ya nani?

Karibu kila mara ni ya chuo kizima. Chuo kikubwa chenye jina mara nyingi kina udaktari, uhandisi, sheria na kompyuta, na mishahara ya fani hizo huubeba wastani wote. Chuo kidogo kinachofundisha zaidi ualimu, kilimo na mazingira kitaonekana dhaifu hata kama mhitimu wake wa mazingira analipwa sawasawa na wa kule. Wewe huendi kusoma udaktari. Marekani waliliona tatizo hili: tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, iliyoanza kuonyesha mapato ya wahitimu mwaka 2015, ilitoa kwanza takwimu za chuo kwa ujumla, kisha mwaka 2019 ikaongeza madeni na mapato kwa kila kozi. Uingereza nako serikali huunganisha kumbukumbu za elimu na za kodi, ikatoa mapato ya wahitimu kwa somo na kwa chuo, miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Huko imeonekana wazi kwamba somo ulilosoma lina nguvu kubwa sana kwenye mshahara, na vyuo vilivyo karibu karibu kwa sifa vinaweza kuachana mbali kwenye somo moja.

Halafu kuna neno wastani lenyewe. Chukua wahitimu 10. Tisa wanapata 10 kila mmoja, wa kumi amerithi kampuni ya familia na anapata 100. Wastani wao ni 19, na hakuna hata mmoja kati yao anayepata 19. Unachotaka kujua ni mediani, mshahara wa yule anayekaa katikati ukiwapanga wote kuanzia wa chini hadi wa juu. Katika mfano huu ni 10. Takwimu za Uingereza nilizozitaja hutoa mediani, na hutoa pia mapato ya robo ya chini na ya robo ya juu. Mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye robo ya chini. Deni halitajali kama umeangukia katikati au mkiani. Litadai kiasi kile kile. Kama mhitimu wa robo ya chini anaweza kulilipa na bado akaishi, basi deni hilo linabebeka.

Uliza vilevile walihesabiwa akina nani. Chuo kikituma fomu kwa wahitimu wake, wanaojibu haraka ni wenye habari njema, na aliyekaa nyumbani bila kazi haoni sababu ya kurudisha fomu. Na hata serikali zinapohesabu huacha watu: College Scorecard huwahesabu wanafunzi waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu tu. Nambari isiyokuambia imewahesabu nani na miaka mingapi baada ya chuo, usiikopee fedha.

Sasa nije kwenye majuto, maana nadhani ndiyo yanayokusumbua kuliko riba.

Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya swali lako hasa. Walifuatilia watu walioanza chuo mwaka 1976 na wakalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana kwa ugumu wa kuingia, lakini wengine wakachagua kwenda kwenye vile visivyo na jina kubwa. Miaka mingi baadaye mapato yao hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajwa. Sehemu kubwa ya kile tunachodhani ni nguvu ya chuo ilikuwa ni nguvu ya mwanafunzi mwenyewe: bidii, uwezo na ile hamu iliyomfanya aombe. Hamu hiyo unayo, na chuo cha kwanza kimeshaithibitisha kwa kukukubali. Utakwenda nayo popote.

Lakini sitakuficha upande wa pili, kwa sababu unakuhusu. Utafiti huo na mwingine waliouchapisha mwaka 2014 vilionyesha kwamba kuna wanafunzi ambao chuo chenye jina kiliwanufaisha kweli: waliotoka familia zenye kipato kidogo, Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Sababu inaeleweka. Mtoto wa mwanasheria ana watu wa kumpigia simu hata asipokwenda popote, na mtoto ambaye wazazi wake hawakufika sekondari huwapata watu hao chuoni. Wewe ni wa kundi hilo la pili. Ndiyo maana sijakuambia chuo cha kwanza ni upuuzi, na ndiyo maana nimeuacha mlango wazi kama gharama itashuka. Jina lile lina thamani kwako kuliko kwa wengi. Tatizo langu ni bei wanayokutajia wewe, na kwamba yote inapita kwenye deni la benki.

Ningekujibu tofauti kama mkopo ungekuwa wa aina nyingine. Australia tangu mwaka 1989 ina utaratibu ambao mhitimu huanza kulipa mapato yake yakivuka kiwango fulani. Uingereza hukata asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango kilichowekwa, na ukikosa kazi makato yanasimama. Tanzania mwajiriwa aliyesoma kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mikopo ya namna hiyo ina kasoro zake, lakini inafuata mshahara wako unapopanda na unaposhuka. Mkopo wako wa benki haufuati chochote. Ukipata kazi nzuri unadaiwa kiasi hicho, ukifukuzwa kazi unadaiwa kiasi hicho.

Na kushuka hutokea bila kosa lako. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia vijana waliohitimu wakati uchumi umedorora. Walianza na mapato yaliyopungua kwa takriban asilimia 9, na pengo hilo lilichukua kama miaka 10 kuzibika. Miaka 10 ndiyo miaka yako ya kulipa. Huwezi kuchagua uchumi utakuwaje mwezi utakaohitimu, ila unaweza kuchagua ukubwa wa deni litakalokukuta.

Kaka yako umemtaja kwa mistari miwili, mimi nimemfikiria sana. Marekani, ambako mikopo ya wanafunzi imechunguzwa kwa muda mrefu, wanaoshindwa kulipa mara nyingi hawana madeni makubwa. Madaktari na wanasheria wana madeni makubwa na wengi wanalipa. Wanaoanguka ni wengi wa wale wenye madeni madogo walioacha masomo njiani, wakabaki na deni bila shahada ya kuombea kazi. Kwa hiyo kabla ya mshahara, kila chuo kiulize hili: kati ya wanaoanza kozi hii, wangapi wanaimaliza, na kwa muda gani? Kama chuo cha pili kinapoteza wanafunzi wengi njiani, hilo ni jambo zito kuliko jina lolote na ningelipima upya jibu langu. Mwulize na kaka, kwa upole, ni nini kilichomtoa. Kama ni ada iliyopanda au afya au upweke, unahitaji kujua kabla hujaenda wewe. Usimwonee aibu, wala usimruhusu mtu amgeuze onyo la kukutishia.

Kuna kitu kingine ambacho kijitabu hakitakiandika. Umechagua mazingira, na sidhani umechagua kwa ajili ya fedha. Kazi za mwanzo kwenye fani hiyo, zile za kushika maji, udongo na misitu kwa mikono, nyingi hulipa kidogo, na ndiko watu wengi hujifunzia kazi. Jesse Rothstein na Cecilia Rouse walichapisha mwaka 2011 utafiti wa chuo kimoja chenye ushindani mkubwa ambacho kiliacha kuwapa wanafunzi mikopo kikawapa ruzuku badala yake. Waligundua kwamba wenye madeni walielekea zaidi kwenye kazi zenye mishahara mikubwa na kuzikwepa zile za manufaa ya umma zenye malipo madogo, kama ualimu. Mwenye makato ya asilimia 31 hana nafasi ya kukubali kazi ya kujifunza. Mwenye asilimia 8 anayo. Mimi ningetaka uwe na nafasi hiyo, ikiwezekana uende hata kwenye kazi ambayo mjomba ataiona ndogo kwa mwaka au miwili.

Mama. Mdhamini si shahidi wa sahihi yako. Ukishindwa kulipa, benki inamgeukia yeye, na mali yake au kipato chake kinaweza kuguswa kwa deni ambalo hakusoma nalo hata siku moja. Kutouliza kwake hakumaanishi ameelewa. Mara nyingi mzazi ambaye hakusoma huona aibu kuuliza, au huogopa kuonekana anamzuia mtoto. Kaa naye peke yenu. Msomee masharti kwa lugha ya nyumbani, mwonyeshe mshahara wa mwezi mmoja na sehemu itakayotoka. Mwulizeni afisa wa mkopo mambo matatu na mtake majibu kwa maandishi: udhamini unakoma lini, inakuwaje ukifariki au ukipata ulemavu, na je, riba ile ya asilimia 6 inaweza kubadilishwa mkataba ukiwa katikati. Msome hata mkopo mdogo wa chuo cha pili kwa namna hiyo hiyo.

Kabla ya tarehe ya mwisho, andika barua kwa ofisi ya ufadhili ya chuo cha kwanza. Eleza hali ya nyumbani bila kuipamba, ambatanisha barua ya msamaha wa ada uliyopewa na chuo cha pili, na uombe wapunguze. Vyuo vingi vina fungu ambalo hupewa wanaouliza, na wanaouliza ni wachache. Kikomo chako kiwe ule mshahara wa mwaka mmoja, ambao washauri wengi wa Marekani huutumia kama mpaka. Kwa masharti ya benki yako, deni la kiasi hicho lingekuwa na makato ya kama asilimia 15, mazito lakini yanabebeka. Wakikataa, hujafungiwa mlango wa jina lile. Shahada ya pili huwa fupi, mara nyingine hulipiwa na mwajiri au mradi wa utafiti, na mtu aliyefanya vizuri chuo kidogo huipata.

Mjomba mpe ile asilimia 23. Mwambie kwa heshima kwamba umekubali hoja yake, na umwombe akusaidie kupata takwimu za kozi yenu kutoka chuo cha kwanza, mediani na robo ya chini. Anajua kuongea na maofisini, na kazi hiyo inamfaa. Zikija na kuonyesha nyongeza inayovuka hapo kwa wahitimu wa mazingira wenyewe, niandikie upya nami nitalipima jibu langu. Zisipokuja, au jibu la ufadhili lisipofika, siku mbili kabla ya mwezi kwisha thibitisha nafasi yako chuo cha pili, ulipie chumba mapema, na uulize ni mwalimu yupi wa idara yenu huwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye kazi za nje.

Shangazi